Taa ya Kichwani na Kivuli cha Jiwe

Ndugu zangu, habari za jioni. Asanteni kwa kukaa hadi saa hii, maana najua wengine mmetoka Buhongwa na Kisesa na mtarudi gizani. Hilo ndilo lililotukutanisha.

Sisi wa Mwanza tuko karibu na ikweta, hatuna jioni ndefu. Jua likizama, nusu saa haiishi na njia imepotea. Mtu anatoka kazini saa kumi na moja, anapanda baiskeli kwenda kwenye vilima vya Luchelele, na giza linamkuta hukohuko juu ya mawe. Kwa hiyo atake asitake, ataendesha usiku. Anakwenda dukani kutafuta taa ya kufunga kwenye helmeti, na swali lake la kwanza ni, "Ina lumeni ngapi?", yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Swali hilo tuliweke kando kwanza.

Aliye karibu na swichi, naomba uzime taa za ukumbi. Hili jiwe nimeliokota hapo nje, ukubwa wake ngumi. Naliweka mezani, halafu naishika tochi hapa kwenye paji la uso, nalimulika. Ninyi mlio pembeni mnakiona kivuli chake vizuri. Mimi sikioni. Njoo kaka, simama nyuma yangu, usogeze kichwa karibu na tochi. Unaona nini? Doa la kijivu, basi. Kivuli kipo, lakini kimelala nyuma ya jiwe, kwa kuwa jicho lako na taa vinatazama kutoka upande mmoja. Sasa naishusha tochi hadi usawa wa kifua, wewe baki hapohapo. Umeona? Jiwe limeota mgongo.

Haya ndiyo yaliyonileta. Kivuli ndicho kinachomwambia mwendeshaji kwamba hili limeinuka na lile ni shimo. Taa ya helmeti imekaa karibu na macho, kwa hiyo inakula vivuli. Ardhi yote inaonekana bapa, na graniti yetu ilivyo na rangi moja, unaweza kulifikia jiwe la nusu futi ukidhani ni mchanga. Taa ya usukani iko chini ya macho kwa nusu mita na zaidi, na umbali huo unatosha kuvirudisha vivuli.

Mtaniuliza, kumbe taa ya kichwani ya nini? Ni ya kona. Taa ya usukani inamulika kule gurudumu la mbele linakoelekea, lakini macho ya mwendeshaji yanatakiwa kufika kabla ya gurudumu. Ukiingia kwenye kona kali katikati ya mawe mawili, usukani unamulika jiwe la kushoto wakati wewe unataka kujua kulia kuna nini. Unageuza shingo, mwanga unafuata. Ukishuka ngazi ya mwamba ni hivyohivyo: usukani unainama na kumulika ardhi ya mbele ya tairi tu, wakati unakotaka kutua ni mbali zaidi. Na ukipata pancha, mikono yote miwili iko huru.

Kwa hiyo taa ya helmeti ni ya pili katika jozi. Mwenye pesa ya taa moja tu, kwa maoni yangu, anunue ya usukani kwanza. Najua kuna wanaopinga, na hoja yao ya kona ina nguvu, lakini mimi naogopa jiwe nisilolijua kimo kuliko kona ninayoweza kupunguza mwendo.

Kwa kuwa kazi ya ile ya kichwani ni kutazama mbali, mwanga wake uwe wa kukusanyika, usiwe wa kuenea. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni karibu mita tano na nusu kila sekunde. Kiini cha mwanga kikianguka mita 15 mbele, una chini ya sekunde tatu za kuamua. Uenezi wa pembeni uachie usukani. Zile tochi za mkanda wa kitambaa wanazovaa wavuvi ni nzuri kwa kazi yake, kuchambua nyavu kwenye mtumbwi, lakini mwanga wake mwingi ni wa karibu, na mkanda unateleza juu ya helmeti.

Sasa turudi kwenye lumeni. Hapa wengi wanaibiwa mchana kweupe, na dawa yake ni hesabu ya darasa la saba. Taa nyingi hutumia seli ya betri ya 18650, jina linalotokana na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Seli nzuri kabisa ya aina hiyo hubeba kama mAh 3,500, yaani ampea-saa 3.5 za umeme. Zidisha kwa volti 3.6, unapata wati-saa 12.6, yaani wati 12.6 kwa muda wa saa moja. Taa ya LED iliyotengenezwa vizuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Kwa hiyo seli moja inaweza kukupa lumeni 1,000 kwa saa moja na robo hivi, au 500 kwa saa mbili na nusu. Ukiona boksi lenye seli mbili limeandikwa lumeni 8,000 kwa saa nne, fanya hesabu mwenyewe kisha mrudishie muuzaji boksi lake kwa upole. Na seli iliyoandikwa mAh 9,900 ni uongo mtupu. Seli halisi ina uzito wa gramu 45 na kidogo. Mwanza hii yenye biashara ya dhahabu hatukosi mizani ndogo, ipimeni.

Hata maandishi ya kweli yasomeni vizuri. Kipimo kinachoitwa FL1 huhesabu muda wa taa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Saa nne zinaweza kuwa moja ya mwanga na tatu za kupapasa.

Uzito: taa na betri yake visizidi gramu 150 hivi kichwani. Zaidi ya hapo helmeti inainama mbele na kukuziba macho kwenye mtikisiko. Kama betri ni kubwa, iwe na waya mrefu, ikae kwenye begi mgongoni. Funga kwa mkanda unaopita kwenye matundu ya helmeti, na kishikilio kiwe cha kuachia ukigonga tawi. Tafadhali, msitoboe helmeti.

Mvua za masika zinataka angalau alama ya IPX4, yaani taa inahimili matone ya kila upande. Ile X maana yake vumbi halikupimwa, na Julai vumbi tunalo.

Halafu wale wadudu wa ziwani. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili kuliko sisi: taa huita, ndiyo maana wanaingia majini usiku wa kiza na taa zao. Kukiwa na wingu la wadudu, ukungu au vumbi, taa ya kichwani inarudisha mwanga wote machoni pako. Izime, ubaki na ya usukani. Magari huwekewa taa za ukungu chini kwa sababu hiyohiyo.

Ukishuka kwenye lami, ya kichwani izimwe pia. Ukigeuka kumsalimia bodaboda unammulika usoni, na yeye yuko kwenye mwendo. Kwa hiyo jaribuni kitufe dukani mkiwa mmevaa glavu na helmeti. Taa inayotaka ubonyeze mara tano, ipite kwenye kumetameta ndipo izime, iacheni hapohapo kwenye kaunta.