Jinsi ya kupanga menyu ya nyama choma ya Julai 4 kwa watu 40

Karibuni tena jikoni kwangu hapa Dallas. Leo hakuna kinachochemka. Nina daftari, kalamu na wavu wa jiko la mkaa, kwa sababu leo tunapanga. Julai 4 ya mwaka huu wa 2026 imeangukia Jumamosi, Marekani inatimiza miaka 250, na kila ninayemjua anataka kwenda bustanini kuchoma. Na si Wamarekani peke yao. Juni 30 ni uhuru wa Kongo, Julai 1 ni wa Burundi na Rwanda, Julai 7 sisi Wabongo tuna Saba Saba yetu. Wiki hiyo kila mtu ana sababu ya kuwasha moto.

Sasa wengi wetu tunaanzia dukani. Tunanunua kila tunachokitamani, halafu saa 10 jioni watoto wanalia njaa na nusu ya nyama bado mbichi. Mimi nasema anza na huu wavu hapa. Menyu yako ni ukubwa wa moto wako.

Hatua ya kwanza basi, pima. Huu wangu ni wa duara, sentimita 57 toka upande hadi upande, ndiyo saizi iliyojaa madukani huku. Angalieni ninavyopanga mapaja ya kuku, naacha upenyo wa kidole kati ya moja na jingine. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Hili la kumi na sita mnaona linavyopanda juu ya mwenzake? Hilo halitaiva, litababuka upande mmoja na mfupani damu tupu. Kwa hiyo 15 ndiyo mwisho. Paja linataka kama dakika 40 kwenye moto wa wastani. Mapaja 30 ni awamu mbili, yaani saa moja na dakika 20, na jiko hilo halijagusa kitu kingine chochote. Andika hiyo hesabu kabla hujaandika jina la chakula hata kimoja.

Ukishaiandika utaona mwenyewe: vitu vya kuchomwa pale pale viwe vitatu, vinne ukizidi sana. Vingine vyote vipikwe nyumbani au viliwe vibichi.

Hatua ya pili, vichwa. Mfano wangu ni watu 40, watu wazima 28 na watoto 12. Nahesabu karibu nusu kilo ya nyama mbichi kwa kila mtu, mifupa humo humo. Inakuja hivi: mbuzi kilo 9, mapaja 30 ya kuku, steki ya mishikaki kilo 4, na soseji za ng'ombe 20 za watoto. Kwa hesabu ya huku, kilo moja ni pauni 2.2, kwa hiyo kwa muuza nyama sema pauni 20 za mbuzi. Mwagize mapema, wiki moja kabla, na mwambie akate vipande vikubwa vya kuchoma. Usipomwambia atakukatia vya mchuzi, vidogo vidogo, vitapita katikati ya wavu vyote.

Haya, mbuzi. Hapa najua Wakenya mtanisema, na nawaheshimu, mbuzi wa kweli anaanza mbichi kwenye mkaa na anachukua muda wake. Ukiwa na watu 10, fanya hivyo. Ukiwa na watu 40 na majiko mawili, mchemshe jana yake.

Sufuria kubwa, maji yafunike nyama, tangawizi ya kutosha, kitunguu saumu, chumvi, ndimu mbili. Moto mdogo, saa moja hadi saa moja na nusu kutegemea umri wa mbuzi mwenyewe. Unamjaribu kwa uma: uma uingie, lakini nyama isiachie mfupa. Ikiachia, kesho itavunjikia kwenye koleo. Muhimu aive kabisa. Kumbabua nusu nusu halafu kumlaza kwenye friji ni hatari, vijidudu vinabaki hai na vinapata usiku mzima wa kuzaana. Akiiva, mtandaze kwenye sinia za foili zisizo na kina ili apoe haraka, kisha friji. Bustanini anataka dakika 20 tu za moto mkali, mafuta yaanze kulia kwenye mkaa na ngozi ikauke.

Na ile supu mliyobaki nayo? Hapo ndipo ninapopenda mimi. Asubuhi ichemsheni upya, mimineni kwenye chupa kubwa za chai, bebeni vikombe vya karatasi, ndimu na pilipili. Mgeni akifika na nyama haijaiva, mpe kikombe cha supu. Atakaa ametulia, hatasogea jikoni kuuliza uliza. Kikombe kimoja niachieni cha kupikia pilau.

Mishikaki ni rahisi, ila jambo moja. Kama unalainisha kwa papai bichi, kijiko kimoja cha chakula kwa kilo moja ya nyama kinatosha, na isizidi saa mbili. Ukiilaza nalo usiku kucha, asubuhi nyama inapondeka mkononi. Vijiti vya mbao viloweke nusu saa visiungue.

Vya nyumbani sasa, haraka haraka. Pilau, mchele kilo 3 na nusu. Ikitoka motoni ifunge kwa taulo na uiingize kwenye lile sanduku la barafu, bila barafu. Lile sanduku linatunza baridi na linatunza moto vile vile, saa tatu baadaye pilau bado inatoa mvuke. Sombe, yaani kisamvu, waachieni Wakongo, hapo sishindani nao. Kachumbari katieni pale pale, na chumvi itiwe dakika za mwisho, la sivyo mtakula nyanya zinazoelea. Ugali bustanini mimi nimeufuta, ukipoa unakuwa tofali na hakuna wa kuusonga na joto lile.

Mahindi ya huku ni laini na matamu, hayahitaji moto mrefu kama yetu. Dakika 10 hadi 15, unayageuza geuza, halafu ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili ya unga. Wamarekani wanatandika siagi. Wekeni zote mbili, muone ipi itaisha kwanza. Tamutamu ni tikitimaji na embe, basi, keki zitayeyuka.

Jambo ambalo watu wanalisahau ni nani anakula nini. Kwenye mkusanyiko wetu kuna Waislamu na kuna shemeji yangu Mmarekani ambaye Julai 4 bila mbavu za nguruwe kwake si sikukuu. Sijamkataza. Ana jiko lake, koleo lake, meza yake ya pembeni, na havivukani. Nyama yetu yote, pamoja na soseji za watoto, ninanunua halali, basi sihitaji kumweleza mtu sufuria kwa sufuria.

Joto la Julai hapa Texas linafika nyuzi 35 na zaidi. Nje ikishapita nyuzi 32, chakula kisikae mezani zaidi ya saa moja. Kwa hiyo usimwage kila kitu mezani kwa mbwembwe, toa sinia moja, iishe, utoe nyingine. Nyama mbichi ina sanduku lake la barafu, vinywaji vina lao, maana la vinywaji linafunguliwa kila dakika. Na nunueni kipimajoto cha nyama. Kuku nyuzi 74 katikati ya paja, mbali na mfupa. Mbuzi wetu wa jana naye apashwe moto hadi 74.

Ratiba yangu hii hapa, iandikeni. Saa 5 asubuhi washa mkaa, subiri nusu saa hadi upate jivu jeupe juu. Saa 5 na nusu kuku awamu ya kwanza, saa 6 na dakika 10 ya pili. Karibu saa 7 ongeza mkaa na uweke mbuzi, awamu mbili. Jiko la pili, mahindi kuanzia saa 6 na nusu, soseji saa 7 watoto wale mapema, mishikaki saa 7 na nusu kwa sababu inaiva kwa dakika 10 tu. Saa 8 mchana watu wanakula. Kwenye kadi ya mwaliko andikeni saa 6. Mnajuana.

Na banda la bustani libukuni sasa hivi, siku hiyo yanaisha mapema. Someni na sheria zao, bustani nyingi hazitaki pombe wala chupa za kioo.

La mwisho, kugawana kazi. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp "leteni chochote", utapata soda katoni 11 na hakuna sahani. Andika jina na kitu. Barafu na mkaa mpe yule anayefika kabla yako. Kachumbari mpe mwenye kisu kikali. Yule ndugu yetu anayekuja saa 10, nyote mnamjua, mpe mifuko ya taka.