Acheni Kufuta Faili la Kufuli

Walionisikia mara ya mwisho wanajua nitaanzia wapi: package-lock.json, faili la kufuli. Humo npm, chombo cha kusakinisha vifurushi vya JavaScript (msimbo ulioandikwa na wengine), huandika toleo kamili la kila kifurushi kilichosakinishwa. Naona wawili kule nyuma washaanza kucheka. Chekeni tu.

Niliitwa usiku kwenye mradi mmoja. Tovuti inajengeka vizuri kwenye kompyuta za vijana wote, ikifika kwenye seva inagoma. Nikauliza faili la kufuli liko wapi. Kijana akanijibu kwa utulivu kabisa: "Tulilifuta, lilikuwa linatusumbua kwenye Git." Wamelifuta, halafu wakaliandika na kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git, kitunza-historia cha msimbo, inaziruka, lisije likarudi!

Nikafungua package.json, faili linaloorodhesha vifurushi ambavyo mradi unavitaka. Kila kifurushi kimevalishwa kofia, ile alama ya ^. Jamani, ukiandika ^4.2.0 hujasema unataka 4.2.0. Umesema nipe hilo au lolote la juu yake, mradi lisifike 5.0.0. Vijana walisakinisha miezi mitatu nyuma, wakapata 4.2.0. Seva imesakinisha usiku ule ule, ikachukua 4.7.1. Katikati hapo mwenye kifurushi kagusa jambo aliloliona dogo. Kanuni inamtaka apandishe namba ya kwanza kila anapovunja kitu, lakini hiyo ni ahadi ya binadamu, npm haimkagui. Na namba ikianza na sifuri kofia inabana zaidi: ^0.2.3 haifiki 0.3.0. Wengi hapa hawajui hilo, wanashangaa kwa nini marekebisho hayawafikii.

Najua kuna anayesema moyoni, basi navua kofia zote, naandika namba kamili. Vua. Utakuwa umefunga vifurushi ishirini ulivyoviandika mwenyewe. Vile mamia vilivyokuja mgongoni mwa hivyo ishirini vina kofia zao, na huna mkono huko. Machi 2016 left-pad, kifurushi cha mistari 11, kiliondolewa na mwenyewe, miradi ikaanguka huku na huku, na wengi walioanguka hawakujua hata kama wanakitumia. Kufuli lisingewaokoa siku ile, maana kitu chenyewe hakikuwepo tena. Ila kwa kufuli angalau unajua umebeba nini, toleo gani, limetoka wapi.

Haya, ERESOLVE, kosa linalotokea vifurushi vinapogombania toleo. Tangu npm 7 maandishi yale mekundu yamewatisha watu, na dawa ya kila mtu ni --legacy-peer-deps, wengine --force. Huko ni kumziba mdomo anayekwambia nyumba inaungua. Soma! Mstari wa Found unakwambia kilichokutwa, tuseme react 18.2.0. Chini yake mstari wa peer unakwambia nani analalamika na anataka nini, tuseme react ^17.0.0. Ugomvi wote umeandikwa hapo. Tafuta toleo jipya la huyo mlalamikaji. Kama halipo, amua: unarudi 17 au unaachana naye? Usipojua kaingiaje, andika npm explain na jina lake.

Kwenye seva tumia npm ci, si npm install. Inafuata kufuli neno kwa neno, na kufuli lisipokubaliana na package.json inakataa kazi. Ikikataa mshukuru.

Nilitaka tufike kwenye toleo la Node lenyewe, ile programu inayoendesha JavaScript kwenye seva, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali. Wewe uliyekohoa nilipotaja --force, anza.