Aliyepona Pepopunda Naye Achanjwe

Mabibi na mabwana, naanzia pale ninapoanzia siku zote, walionisikia wanivumilie. Aliyeugua pepopunda akapona hana kinga dhidi ya pepopunda. Najua mtauliza mbona aliyeugua surua haugui tena. Virusi vya surua huzaliana na kuenea mwili mzima, hivyo mfumo wa kinga hupata nafasi ya kutosha ya kuvitambua na kuvikumbuka. Bakteria wa pepopunda hujificha kidondani na kutoa sumu kali mno, kiasi kwamba kiwango kinachotosha kumuua mtu hakitoshi kuushtua mfumo huo. Taya zimekaza, mgongo umepinda, na seli za kinga bado hazina habari! Ndiyo maana mgonjwa huyo huchanjwa akiwa angali anatibiwa.

Chanjo hutokana na sumu hiyohiyo, iliyoondolewa ukali kwa kemikali iitwayo formalini, hivyo mwili unaweza kupewa kiasi cha kutosha kuitambua bila kudhurika. Katika dozi za mwanzo, seli za kinga ziitwazo seli B, zile zinazoitambua, huzaliana ndani ya tezi za limfu zikisaidiwa na seli za kinga za aina nyingine, seli T, na zile seli B zinazoishika barabara ndizo hupewa nafasi ya kuendelea. Baadhi huhamia kwenye uboho na kutoa kingamwili, yaani protini zinazoinasa sumu hiyo, kwa miaka mingi. Nyingine hubaki kuwa seli za kumbukumbu. Dozi ya nyongeza ndiyo huziamsha hizi za kumbukumbu: kufikia takriban siku ya 7, seli zinazotengeneza kingamwili huwa zimejaa kwenye damu, na kiwango cha kingamwili hupanda upesi kuliko mara ya kwanza.

“Kama kumbukumbu ipo, nyongeza ya nini?” Swali hili huulizwa kwa tabasamu la ushindi, nami hulijibu bila kuchoka, au tuseme nimechoka kidogo. Kumbukumbu huhitaji siku kadhaa kuamka, na sumu ya kidonda ni haba mno kuiamsha. Tena sumu ikishaingia ndani ya neva, kingamwili haziwezi kuifikia. Lazima ziwe tayari zinazunguka kwenye damu kabla mtu hajajeruhiwa, na kiwango chake hushuka kadiri miaka inavyopita.

Muda umekwisha, kwa hiyo kuhusu majeraha nasema kwa haraka: aliyekamilisha dozi za msingi, jeraha likiwa chafu na dozi yake ya mwisho ina miaka 5 au zaidi, huongezewa, jeraha dogo na safi husubiri miaka 10. Asiyewahi kuchanjwa akipata jeraha chafu hupewa chanjo pamoja na kingamwili zilizo tayari, kila sindano mahali pake.