Fine Ni Nini? Kwanza Niambie Fine Gani

Haya, naona sura zilezile, kwa hiyo mlioshawahi kunisikia na hili neno langu la Kiingereza, fine, mnivumilie, maana bado naletewa tafsiri ambazo kila penye fine pamewekwa "nzuri", na mimi sitanyamaza mpaka mnichoke.

Nianze na mchanga. Ndiyo, mchanga tena. Kuna kijana nilikuwa namsimamia kazi zake, akapewa maelekezo ya kutengeneza chujio la maji, changarawe chini halafu juu yake fine sand. Akaandika "mchanga mzuri". Karatasi ikaenda hivyohivyo. Sasa wewe ukiambiwa ulete mchanga mzuri utaleta upi? Si ule unaovutia macho! Watu wakaleta mchanga mweupe, unang'aa, umeoshwa mara tatu, ila punje zake kama za mchele, wakimwaga maji yanapita mbio yanatokea chini na tope lake lote kama yalivyoingia. Wakasema chujio bovu. Chujio halina kosa jamani, neno ndo bovu! Wanaopima mchanga wana kipimo chake kabisa, fine sand ni punje za kati ya milimita 0.125 na 0.25, uzuri haumo kabisa, hata uwe mweusi tii na sura mbaya bado ni fine. Sisi tunasema mchanga laini, basi. Na yule kijana neno laini analijua vizuri tu, muulize vumbi likoje atakujibu laini bila kufikiri, ila akiona fine akili inakimbilia kwenye "nzuri" kwa sababu ndo aliyokariri akiwa mdogo.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, mwalimu si useme tu inategemea muktadha. Muktadha, muktadha! Kila aliyekwama siku hizi anajificha nyuma ya muktadha. Nipe kitu cha kufanya. Mimi nawapa hiki: usiulize maana ya fine, uliza kinyume chake hapo ilipo. Kinyume cha fine sand ni mchanga wenye punje kubwa, basi fine hapo ni laini. Nywele za fine, kinyume chake nywele nene, basi ni nyembamba. Fine gold, kinyume chake dhahabu iliyochanganywa na madini mengine, basi ni dhahabu safi, ndo maana kwenye mkufu unakuta namba 750, yaani sehemu 750 kati ya 1000 ni dhahabu tupu, ile tunayoita karati 18. Fine weather, kinyume chake mvua na mawingu mazito, basi ni hali ya hewa ya jua na anga safi. I'm fine, kinyume chake naumwa, kwa hiyo ni mzima, sijambo, siyo "mimi ni mzuri", unless unajisifia, hilo shauri yako.

Na haya yote yametoka shina moja, neno la Kilatini finis, mwisho. Kitu kilichofikishwa mwisho wake, kimesafishwa na kusagwa mpaka basi, ndo fine. Halafu faini, hii tunayolipishwa, shina ni hilohilo, maana zamani ilikuwa malipo ya kumaliza ugomvi. Uingereza kulikuwa na hati za ardhi zilizoitwa fine, kumbukumbu zake zinakwenda kutoka 1195 mpaka zilipofutwa 1833, na kazi yake ilikuwa kusema shauri hili limekwisha. Kwa hiyo faini na fainali ni ndugu, mmewahi kuwaza hilo? Mimi nilivyogundua nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa ile fine ya mtu aliyenuna. Umemweleza weee, anakujibu "fine" moja kavu. Hapo usinitafsirie "vizuri" nikakuona. Huyo amefunga mazungumzo, ni "haya basi", na mwisho wa Kilatini umerudi mlemle.

Nilitaka niguse fine print, yale maandishi madogo ya mkataba, na fine line pia, ule mpaka mwembamba kati ya mambo mawili, ambao kuna mtu aliniandikia "laini laini" nikashindwa hata kusahihisha, lakini naonyeshwa saa. Maswali karibuni, ila atakayeniuliza fine kwa Kiswahili ni nini simjibu.