Ndago za Asili katika Sehemu Kavu za Bustani

Mabibi na mabwana, mkulima akisikia neno ndago hukumbuka palizi isiyokwisha, wala hana kosa, kwa kuwa ile iitwayo kitaalamu Cyperus rotundus huzaa viazi vidogo chini ya udongo, na kila kiazi kinachoachwa na jembe huchipua upya. Hata hivyo, familia ya ndago ina spishi zaidi ya 5,000, na ninazozitetea leo, zipandwe kufunika sehemu kavu za bustani, ni za jenasi ya Carex, yaani kundi moja la spishi zilizo karibu kiukoo, ambazo hazina tabia hiyo ya viazi.

Wengi huamini kwamba ndago zote hupenda majimaji. Lakini Carex pensylvanica, mwenyeji wa mashariki mwa Amerika Kaskazini, huota kwenye udongo mkavu chini ya mialoni, penye kivuli na mizizi mingi inayogombania maji, mahali ambapo ukoka hudhoofika na kufa. Hufikia kimo cha sentimita 20 hivi, na mashina yake hutambaa polepole chini ya ardhi hadi mmea mmoja ukutane na mwingine. Carex praegracilis, ya magharibi mwa bara hilo, huvumilia jua na hata kukanyagwa. Kwa hiyo kuitwa ya asili, yaani mwenyeji wa eneo husika, hakutoshi: ndago ya asili iliyotoka bwawani itakauka bustanini kwako kama mgeni mwingine yeyote, na anayechagua hana budi kuuliza mmea huo huota wapi pasipo mkono wa mtu.

Kuhusu mbegu nitasema machache, kwa sababu za spishi nyingi huota kwa shida na baadhi huhitaji kwanza kukaa katika unyevu na baridi kwa majuma kadhaa. Afadhali miche, au vipande vilivyogawanywa kutoka mmea mkubwa, vipandwe kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 30 wakati udongo una unyevu na joto si kali.

Hapa ndipo wengi hushindwa. Mmea unaostahimili ukame hupata uwezo huo baada ya mizizi kushuka, si siku ya kupandwa. Kwa hiyo mwaka wa kwanza umwagiliwe maji mengi kwa vipindi, kuliko kunyunyiziwa kidogo kila siku na kuizoesha mizizi kubaki juu. Magugu ya kudumu yang'olewe kabla ya kupanda, maana kuyatoa katikati ya majani membamba ya ndago ni kazi ya kuchosha mno, na matandazo yawe mepesi, yasifunike kitovu cha mche, pale majani yanapochipukia. Mbolea sioni haja yake, kwani hunufaisha magugu zaidi.

Zikishaungana, zitahitaji kukatwa mara moja tu kwa mwaka, kabla ya majani mapya kuchomoza, bila kuzinyoa hadi chini. Na panapopitwa kila siku, pawekwe mawe ya kukanyagia.