Saa 48 za Kwanza: Muuguzi Anapotakiwa Kutoa Maelezo

Masista, wakunga, maafisa wa kliniki, asanteni kwa kuja.

Mgonjwa amefariki, ndugu wanapiga kelele, gari la polisi liko getini. Kabla jua halijazama, muuguzi aliyekuwa zamu atadaiwa karatasi tatu: in-chaji, yaani mkuu wa wodi au kituo, anataka maelezo ya maandishi, ofisi ya afya ya wilaya inataka ripoti, mpelelezi anataka kauli. Ataziandika zote akiwa hajalala, kila moja kwa namna yake. Kesi ambayo ingeteteka vizuri huharibikia hapo.

Jueni kwamba hapa Uganda tukio moja lina njia nne. Polisi na Mkurugenzi wa Mashtaka wanatafuta jinai. Baraza la Wauguzi na Wakunga, chini ya sheria ya 1996, linaangalia usajili wako. Mwajiri ana nidhamu yake. Familia inaweza kudai fidia. Kushinda katika njia moja hakufungi nyingine, na karatasi uliyoiandika kwa ajili ya mmoja itasomwa na wote wanne.

Tuanze na polisi. Ibara ya 23 ya Katiba ya 1995 inasema ukikamatwa uambiwe papo hapo sababu, kwa lugha unayoielewa, na kwamba una haki ya wakili unayemchagua. Usipoachiliwa, ufikishwe mahakamani kabla saa 48 hazijapita. Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kituoni, ni bure. Anayekuomba pesa ya bondi anakula rushwa. Taja jina, cheo, kituo na namba ya usajili, kisha sema kwa upole: "Maelezo nitayatoa wakili wangu akiwepo." Huo si ujeuri wala si dalili ya hatia.

Sheria ya Ushahidi inakulinda zaidi ya mnavyodhani. Ungamo ulilolitoa ukiwa mikononi mwa polisi halipokelewi mahakamani mpaka liwe limetolewa mbele ya afisa wa cheo cha Inspekta Msaidizi kwenda juu, au hakimu. Lakini barua uliyomwandikia in-chaji haina kinga hiyo. Ukiandika humo "naomba radhi, ulikuwa uzembe wangu", wakili wako atapambana na sentensi hiyo mpaka siku ya hukumu. Kuipa familia pole ni utu, ipeni. Kutaja sababu ya kifo ni kazi ya daktari aliyepasua maiti, na polisi huomba uchunguzi huo kwa Fomu 48. Familia ikizika haraka bila uchunguzi, nanyi mnapoteza karatasi ambayo ingeweza kuonyesha kuwa mama aliuawa na donge la damu mapafuni, jambo ambalo huenda muuguzi asingeweza kulizuia.

Basi barua iwe na nini? Saa uliyompokea na hali yake. Ulichopima na ulichokipata. Dawa, kipimo, njia, saa. Uliyemwita, kwa simu au kwa kumtuma mtu, na alichojibu. Ulichokiona kwa macho yako kikae mbali na ulichoambiwa. "Nadhani" na "labda" viondoke. Usimshitaki mwenzako humo. Iandike mara moja, weka nakala, na ripoti ya wilaya itokane na barua hiyo hiyo neno kwa neno.

Sasa chukueni patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, kwa sababu kesi nyingi za wakunga zinageukia hapo. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kati ya 110 na 160. Mikazo kila nusu saa. Mlango wa uzazi na presha ya mama kila baada ya saa 4. Patografu iliyojazwa baada ya mtoto kutoka inajulikana: kalamu moja, mkono mmoja, nukta zimejipanga 140, 140, 140 kama shanga. Mwendesha mashtaka hahitaji hata mtaalamu. Anafungua rejista ya kujifungua, anaona kwamba saa nane na nusu, wakati nukta inasema ulikuwa unasikiliza moyo wa mtoto huyu, ulikuwa kitanda cha pili unampokea mwingine. Nafasi tupu inaelezeka: mlikuwa wawili, kina mama tisa, na ratiba ya zamu inathibitisha. Nukta ya kubuni haina maelezo.

Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, andika sahihi, saa na saini. Wino mweupe usiuguse. Ukikumbuka jambo baadaye, liandike chini ya maandishi ya mwisho: "Imeandikwa saa 15:40 kuhusu tukio la saa 13:15." Mahakama huamini maandishi yaliyochelewa yakikiri kuwa yamechelewa.

Na hilo la saa, hasa sisi tunaozungumza Kiswahili. Chati inasema 14:30. Kituoni unasema saa nane na nusu, karani anatafsiri kwa Kiingereza na kuandika 8:30. Kwa kalamu moja umemwacha mgonjwa saa sita bila huduma. Wakati wa kutoa kauli tumia saa za chati, au taja mchana na usiku, na usitie saini kabla ya kusomewa tafsiri.

Polisi wakitaka faili, in-chaji azipe kurasa namba, atoe nakala kamili kwanza, na adai risiti. Muuguzi asibebe faili nyumbani wala kupiga picha na kuirusha WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 itamzalia kesi ya tano.

Siku ya mahakamani, andaeni wadhamini mapema: kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), uthibitisho wa makazi. Dhamana haina uhakika. Mwaka 2014 muuguzi mmoja jijini Kampala alichomwa na sindano wakati akimhudumia mtoto, akashitakiwa kwamba aliendelea kuitumia. Alinyimwa dhamana, hali yake ya VVU ikatangazwa nchi nzima, Mei akafungwa miaka 3. Novemba Mahakama Kuu ikamwachilia. Somo la wodini ni fupi: sindano ikishakuchoma, itupe kwenye kisanduku cha vyenye ncha, fungua mpya, ripoti, na dawa za kinga zianze ndani ya saa 72.

Kwa madai ya fidia, mwajiri hubeba mzigo wa kosa la mfanyakazi wake kazini. Mama mmoja alikwama kujifungua Nakaseke mwaka 2011, daktari wa zamu hakupatikana kwa saa kadhaa, akafariki. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliilaumu serikali ya wilaya na kutoa fidia ya shilingi milioni 35. Katika kesi ya namna hii, swali la kwanza kwa muuguzi ni moja: ulimwita nani, saa ngapi? Upungufu wa watu au glavu uandikwe kabla, kwenye daftari la maombi lenye tarehe na saini ya aliyepokea. Serikali hudaiwa ndani ya miaka 2, kwa hiyo nakala zenu zitunzeni angalau muda huo.

Barazani, jibuni kila shutuma kwa namba yake, na mdai kuona malalamiko na ushahidi kabla ya kusikilizwa. Ibara ya 42 inawapa haki hiyo. Mkifutiwa usajili bila kusikilizwa, maombi ya kupitiwa uamuzi yafike Mahakama Kuu ndani ya miezi 3. Wenye maswali kuhusu fomu na barua, nakala za mfano ziko meza ya nyuma.