Mama Mkubwa Yuko Kwenye Tofauti

[Mvua kwenye bati. Kiti kinasogezwa.]

ATUPELE: Inarekodi? Taa nyekundu naiona. Haya. Wasikilizaji wetu, hamjambo, kuanzia Mbalizi mpaka Kyela, na nyie wa Makambako mnaotusikiliza kwenye basi. Hapa Soweto, Mbeya, mvua haijatuuliza, mtatuvumilia. Leo nimekuja na karatasi. Mambo matano ya kuzingatia unapomiksi, yaani unapopanga sauti za wimbo, kwa mono, kila kitu njia moja, na unapomiksi kwa sterio, kushoto na kulia mbalimbali. Nimeandika jana usiku, kwa mkono, hii hapa.

LUSAJO: Soma basi.

ATUPELE: Sisomi. Kwanza Jumapili.

LUSAJO: Dada Atu, tulikubaliana hilo halitoki.

ATUPELE: Tulikubaliana nisitaje kanisa. Nimetaja kanisa? Elezea.

LUSAJO: [anacheka] Haya. Kuna kwaya nilikuwa nawarekodia, mnakumbuka niliwalalamikia humu. Kwenye alto, ile sauti ya chini ya kina mama, wapo wanne. Siku ya kuingiza sauti wakaja wawili, wengine wako Uyole, viazi vinasubiri. Nikarekodi hao wawili mara moja, wakaondoka. Usiku nasikiliza, alto nyembamba. Soprano wako saba, tena na besi wamejaa, halafu alto kama wamesimama nje ya geti.

ATUPELE: Ukafanya nini?

LUSAJO: Nikafanya ule ujanja.

ATUPELE: Sema ujanja gani. Kuna watoto wanajifunza hapa.

LUSAJO: Nikakopi ile alto. Moja kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Halafu ile ya kulia nikaigeuza polariti. Yaani wimbi likipanda huku, kule linashuka. Ukivaa hedifoni, mama wawili wanakuwa kumi na wawili. Wanakuja mpaka nyuma ya masikio. Nilisikiliza ule wimbo nikajipongeza peke yangu, nikala chipsi.

ATUPELE: Na mmoja wa hao mama wawili ni nani?

LUSAJO: Ni mama mkubwa wangu. Dada yake mama.

ATUPELE: Wasikilizaji, ishikeni hiyo.

LUSAJO: Jumamosi ni mazoezi ya uzinduzi, kwa pleibeki, yaani wimbo uliorekodiwa unapigwa, wao wanafuatisha midomo. Mimi sipo, niko Tukuyu kwenye harusi. Fundi mitambo anachomeka simu kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, na waya wenyewe ni ule wenye jeki kubwa yenye mistari miwili myeusi, kaiingiza kwenye tundu moja. Wimbo unaanza. Mwimbaji kiongozi hayupo. Gita la besi halipo. Ngoma ziko mbali kama jirani anagonga debe. Kinachosikika ni alto. Alto peke yao, wakubwa, kanisa zima.

ATUPELE: [anacheka sana]

LUSAJO: Ujumbe wa sauti ukanifikia Tukuyu. Mama mkubwa: "Mwanangu, Mungu akubariki, umetukumbuka sisi wazee." Sikuelewa, nikasema amina.

ATUPELE: Amina!

LUSAJO: Kwaya ikamjia juu fundi, soprano wanataka kulia. Jumapili akaja na waya mwingine, ule unaounganisha pande mbili zinakuwa moja. Wakapanda jukwaani, vitenge vipya. Mwimbaji kiongozi karudi, besi imerudi, kila kitu kimerudi. Ikafika sehemu ya alto. Mama mkubwa anafungua mdomo, anaimba kwa mikono na macho, na hakuna kitu. Kilichotoka ni mwangwi tu, kidogo, kama wako Kyela na sisi tuko Mbeya.

ATUPELE: Na alisema nini alipokufuata nyuma ya jukwaa?

LUSAJO: Aliniuliza, "Mimi nilichanga elfu kumi. Elfu kumi yangu iko upande gani?"

ATUPELE: Upande gani!

LUSAJO: Sijapata jibu mpaka leo.

ATUPELE: Jibu ninalo mimi, nilikaa redioni miaka sita. Sikiliza. Kushoto kuna alto, iite moja. Kulia kuna alto kichwa chini, iite hasi moja. Ule waya wa Jumapili unajumlisha. Moja na hasi moja?

LUSAJO: Sifuri.

ATUPELE: Sasa Jumamosi. Lile tundu la mikisa ambalo limetengenezwa kwa jeki ya mistari miwili halijumlishi. Linachukua kilichoko kwenye ncha ya jeki, yaani kushoto, linatoa kilichoko kwenye pete ya kati, yaani kulia, linabaki na tofauti. Ndiyo kazi yake, linaua makelele yaliyoingia kwenye waya, kwa sababu makelele yanaingia sawasawa pande zote. Ukiliingizia muziki wa sterio, kila kilichokaa katikati, yaani kilicho sawa kushoto na kulia, linakiona ni makelele. Linakifuta. Moja toa hasi moja?

LUSAJO: Mbili.

ATUPELE: Mbili! Ndiyo maana mama mkubwa alikuwa mkubwa mara mbili. Jumamosi mlipiga tofauti, Jumapili mkapiga jumla. Elfu kumi yake iko kwenye tofauti.

LUSAJO: Naenda kumwambia hivyo? "Shikamoo mama mkubwa, wewe uko kwenye tofauti"?

ATUPELE: Atakuelewa kuliko unavyofikiri. Na ndivyo FM inavyofanya kazi. Stesheni inapotuma sterio, haitumi kushoto peke yake na kulia peke yake. Inatuma jumla kwanza, mahali pale pale ambapo redio ya zamani yenye spika moja inajua kusoma. Halafu inaweka tofauti juu, kwenye kilohezi 38, na inawasha kialama kidogo kwenye kilohezi 19 kuiambia redio kwamba hapa kuna sterio. Redio ya bibi haina habari na kialama. Inachukua jumla, basi. Na hata redio nzuri, ukiwa umefichwa na mlima, minara ya redio ya Loleza huioni, mawimbi yanafika yamechoka, ile tofauti ndiyo inaanza kuchemka chhhh, redio nyingi zinaitupa zenyewe zinarudi mono. Kwa hiyo huo wimbo ukipigwa redioni...

LUSAJO: Mama mkubwa hafiki.

ATUPELE: Hafiki Tukuyu. Hafiki Isongole. Hafiki hata hapa Mwanjelwa kwenye kile kispika cha bluututhi cha muuza nyanya. Anaishia kwenye hedifoni yako na chipsi zako.

LUSAJO: Sawa. Kwenye polariti nimekosa, nakubali mbele za watu.

ATUPELE: Andikeni tarehe.

LUSAJO: Lakini usinitoe hapo ukanipeleka kwenye hoja yako, maana naiona inakuja.

ATUPELE: Inakuja, ndiyo. Miksi yote ifanyike mono. Siyo kukagua mwishoni, hapana. Unaanza mono, unapanga sauti mono, unakata masafa, yaani unene au ukali wa kila sauti, mono, na unamaliza mono. Sterio unaifungua dakika kumi za mwisho, kama chumvi. Na usinidanganye kwa kubonyeza kitufe cha mono halafu ukasikilizia spika mbili. Hiyo ni spika mbili zinasema kitu kimoja, katikati hapo unasikia mtu ambaye hayupo. Zima moja. Spika moja, mbele ya pua.

LUSAJO: Kwa nini nijitese?

ATUPELE: Kwa sababu gita la rizimu na kinanda wanagombania sehemu moja, wewe unampeleka mmoja kushoto, mwingine kulia, unasema nimewapatanisha. Hujawapatanisha, umewatenganisha vyumba. Wakirudishwa chumba kimoja kwenye bajaji wanaanza kupigana upya.

LUSAJO: Na mimi nikuambie kinachotokea ukifanya mono tangu mwanzo. Kila kitu kimekaa kwenye kamstari kamoja, hakuna nafasi. Unaanza kukata. Gita unalitoa tumbo, kinanda unakitoa kifua, sauti unaikwangua mpaka inabaki pua. Kwenye spika moja kila mtu anasikika, unafurahi. Unafungua sterio, unakuta mifupa. Nafasi imerudi lakini wenye nyama hawapo tena. Nimesikia miksi zako, Dada Atu, na heshima zote.

ATUPELE: Miksi zangu zina mifupa?

LUSAJO: Zinasikika vizuri kwenye bajaji.

ATUPELE: Umesikia lakini! Huyu mtoto.

LUSAJO: Sterio siyo pambo. Mwaka 1931 yule mhandisi Blumlein kule Uingereza aliomba hataza ya sterio, na inasimuliwa alikaa sinema na mke wake akaudhika: mwigizaji yuko upande huu wa pazia, sauti inatokea kule. Alitaka sauti ikae alipo mtu. Kwaya ni watu wamesimama jukwaani, soprano huku, besi kule. Ukiwapanga wote kwenye tundu moja umewadanganya wasikilizaji.

ATUPELE: Brian Wilson wa Beach Boys, ile bendi ya Marekani, kamiksi mono na dunia nzima inamsikiliza.

LUSAJO: Brian Wilson sikio la kulia lilikuwa halisikii!

ATUPELE: Ndiyo hoja yangu!

LUSAJO: Hoja yako ni sikio moja?

ATUPELE: Hoja yangu ni kwamba wasikilizaji wako wana sikio moja, Lusajo. Siyo la kichwani. La vifaa. Nenda Kabwe stendi sasa hivi na mvua hii, hesabu. Daladala, spika ya kushoto imekufa tangu gari linunuliwe. Simu iko kwenye sufuria tupu ili isikike zaidi. Saluni, spika moja ukutani.

LUSAJO: Nenda na hapo chuoni, kila mwanafunzi ana waya masikioni au vile vidude visivyo na waya. Hao ni wengi na wanasikiliza wimbo mpaka mwisho. Yule wa sufuria anapika.

ATUPELE: Anayepika ndiye anayechanga elfu kumi.

LUSAJO: [kimya] Hapo umenigusa, lakini sikubali.

ATUPELE: Hukubali nini? Chukua hesabu. Kilichoko katikati, ukijumlisha kushoto na kulia, kinapanda desibeli 6, kile kipimo cha ukubwa wa sauti. Kilichoko upande mmoja tu hakipandi. Kwa hiyo ile miksi uliyoipima kwa hedifoni, kwenye spika moja siyo hiyo tena. Mwimbaji kapanda, gita lako la pembeni limezama. Hata bila kugeuza polariti ya mtu. Hiyo siyo maoni yangu.

LUSAJO: Hesabu ni ya kweli. Ninachokataa ni kumtengenezea kazi msikilizaji mwenye kifaa kibovu kuliko wote, halafu aliyenunua hedifoni kwa hela yake ale makombo. Na ukiangalia vizuri, gita likizama kidogo kwenye daladala, nani anashuka kwenye gari?

ATUPELE: Mpiga gita.

LUSAJO: Mpiga gita anashuka, ndiyo. [wanacheka] Lakini abiria hashuki.

ATUPELE: Leo ni gita, kesho ni mama mkubwa.

LUSAJO: Mama mkubwa ni polariti! Usimchanganye na gita. Nilishakiri.

ATUPELE: Ungekuwa unamiksi kwa spika moja, ungegundua hayupo saa ile ile usiku ule ule. Usingekula hata chipsi.

LUSAJO: Ningebonyeza mono mara moja kukagua, ningegundua hayupo vilevile. Sekunde mbili. Sihitaji kuishi humo.

ATUPELE: Hukubonyeza.

LUSAJO: Sikubonyeza.

ATUPELE: Kwa hiyo?

LUSAJO: Kwa hiyo nitabonyeza. Siyo kwamba nitahamia.

[Kimya. Mvua.]

ATUPELE: Hatutaelewana leo.

LUSAJO: Hatutaelewana.

ATUPELE: Alto umefanyaje sasa? Uliwaambia nini?

LUSAJO: Ile iliyogeuzwa nimeifuta. Imebaki alto moja, nimeiweka katikati, inasikika kila mahali lakini imerudi kuwa nyembamba. Dawa yake ni kurekodi mara ya pili na ya tatu, watu wale wale waimbe upya. Mtu hawezi kuimba sawasawa mara mbili, ule utofauti mdogo ndio unawafanya wajae, na ukijumlisha hawafutani. Nikampigia mama mkubwa aje Alhamisi.

ATUPELE: Akasemaje?

LUSAJO: Akauliza kama safari hii analipwa au anachanga tena.

ATUPELE: Haki yake!

LUSAJO: Na wale wawili wa Uyole wameshasikia habari. Wanasema wao hawakuchanga, lakini wanataka kuwekwa upande ule wa Jumamosi.

ATUPELE: Upande wa tofauti! [anacheka] Waambie nafasi zimejaa.

[Mlango unagongwa.]

SAUTI NJE: Saa kumi hiyo.

ATUPELE: Tunamaliza, mdogo wangu. Jamani, wenye chumba wamefika, nao wana kwaya. Karatasi yangu iko wapi? Mambo matano hatujasoma hata moja.

LUSAJO: Soma la kwanza haraka.

ATUPELE: La kwanza... Lusajo, umeichorea. Hii ni nini?

LUSAJO: Nilikuwa nahesabu zile desibeli.

ATUPELE: Umeandika mama mkubwa, toa, mama mkubwa. Juu ya namba mbili. Namba tatu siioni kabisa.

LUSAJO: Namba tano iko wazi.

ATUPELE: Namba tano inasema "rejea namba tatu."

SAUTI NJE: Dada, tuna watu kumi na nane huku kwenye mvua.

ATUPELE: Ingieni, ingieni, pitieni huku, msikanyage waya. Wasikilizaji, ndaga fijo, asanteni sana, wiki ijayo. Lusajo, alto wao wako wangapi hawa?

LUSAJO: Naona watano. Shikamooni mama zangu.

ATUPELE: Toa mikono kwenye kompyuta yao. Zima, zima hiyo.